Kila Filamu Ina Miaka Miwili: Kuisoma Uingereza ya Karne ya 20 Kupitia Sinema

Mwaka 1936 wakaguzi wa filamu wa Uingereza walipelekewa mpango wa kuigeuza Love on the Dole kuwa filamu. Riwaya hiyo ya Walter Greenwood ilikuwa imetoka mwaka 1933, ikasomwa sana, ikaigizwa hata jukwaani. Inaisimulia familia ya Hardcastle ya Salford, mji wa viwanda uliopakana na Manchester. Baba hana kazi. Kijana wa kiume anaachishwa mara tu anapomaliza uanagenzi na kustahili mshahara wa mtu mzima. Binti yao Sally, baada ya mchumba wake kufa, anakubali kuwa kimada wa tajiri wa kamari, na kwa mkono wa tajiri huyo baba na kaka yake wanapata ajira. Wakaguzi wakakataa. Mwaka 1941 filamu ikatengenezwa, Deborah Kerr akiwa Sally, ikaonyeshwa hadharani.

Kisa kilikuwa kilekile. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 wasio na kazi Uingereza walikaribia milioni tatu, na wakubwa waliogopa kuwaonyesha watu wenye njaa picha ya njaa yao wenyewe. Kufikia 1941 watu haohao wa Salford walikuwa wakihitajika viwandani na jeshini, na serikali ilitaka waamini kwamba baada ya vita hawatarudishwa kwenye foleni ya posho ya wasio na kazi. Filamu inamalizika kwa maneno ya A. V. Alexander, waziri aliyesimamia jeshi la majini, akiahidi kwamba wasio na kazi hawatasahauliwa tena.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kuielewa jamii ya Waingereza wa karne iliyopita kwa njia ya filamu. Kila filamu ina miaka miwili: mwaka inaousimulia na mwaka iliotengenezwa. Watazamaji wengi huangalia ule wa kwanza, wakahoji kama mavazi ni sahihi au kama tukio lilitokea hivyo. Mimi nashikilia kwamba ule wa pili ndio wenye ushahidi mwingi zaidi. Chariots of Fire inasimulia wakimbiaji wa Michezo ya Olimpiki ya Paris ya 1924, lakini ilitoka mwaka 1981, wakati nchi ilikuwa na viwanda vinavyofungwa na waziri mkuu, Margaret Thatcher, aliyehimiza juhudi za mtu binafsi. Ukiitazama bila kuukumbuka mwaka 1981, umeona nusu yake. Na kuna maswali mawili yanayoufungua mwaka huo wa pili: nani aliruhusu, na nani alilipa?

Tuanze na ruhusa, maana mfumo wake unachanganya. Bodi ya ukaguzi iliundwa mwaka 1912 na wenye biashara ya filamu wenyewe. Sheria ya mwaka 1909 ilikuwa imezipa halmashauri mamlaka ya kutoa leseni kwa majumba ya sinema kwa sababu ya hatari ya moto, kwani mikanda ya zama hizo iliwaka upesi mno. Halmashauri zikaitumia leseni hiyo kukagua pia kinachoonyeshwa. Ili wasihukumiwe kivyake na kila mji, wafanyabiashara wakaona afadhali wawe na bodi yao moja ambayo halmashauri zingeikubali. Matokeo yake, katika miaka ya 1930 studio nyingi zilipeleka miswada kabla ya kuwasha kamera, na mambo mengi yalikufa yakiwa bado kwenye karatasi. Mwaka 1937 rais wa bodi, Lord Tyrrell, alijivunia hadharani kwamba hakuna filamu hata moja iliyokuwa ikionyeshwa London wakati huo iliyogusa masuala moto ya siku hizo.

Ukosefu wa ajira uliweza kuonyeshwa, ila kwa wimbo. Katika Sing As We Go ya 1934 kiwanda cha nguo cha Lancashire kinafungwa, naye Gracie Fields anakwenda Blackpool kutafuta kibarua, anachekesha, anaimba, na mwishoni kiwanda kinafunguliwa tena na wafanyakazi wanaingia wakiimba. Nisingeipuuza. Watu wa kaskazini walimpenda Gracie kwa sababu lafudhi yake ilikuwa yao, na hilo lilikuwa jambo adimu katika sinema iliyojaa sauti za watu wa tabaka la juu. Lakini mtafiti anayeichukua kama picha ya mwaka 1934 atadhani viwanda vilifunguliwa kwa moyo mkunjufu.

Swali la fedha nalo lina mifano yake, na ninaoupenda kuliko yote ni Housing Problems ya 1935. Edgar Anstey na Arthur Elton waliingia katika nyumba za mafukara za Stepney, mashariki ya London, wakawaacha wakazi waseme wenyewe mbele ya kamera: kunguni, panya, kuta zinazomomonyoka, watoto waliofia humo. Kabla ya hapo mtu wa kawaida alionekana kwenye filamu za habari akipita tu, huku mtangazaji mwenye lafudhi ya kisomi akimsemea. Hapa mama mmoja anasimulia alivyopambana na panya, kwa maneno yake na kwa mpangilio wake. Na waliolipia ni wafanyabiashara wa gesi. Nyumba mpya za halmashauri zingehitaji majiko na mabomba ya gesi, kwa hiyo kubomolewa kwa mabanda kulikuwa na faida kwao. Sioni kwamba hilo linaifuta thamani ya filamu. Linaeleza kwa nini nusu yake ya pili inasifu majengo mapya, na kwa nini hakuna anayeuliza nani alikuwa akikusanya kodi kwenye yale mabanda.

Vita vya Pili vilibadilisha mlipaji na mruhusu kwa pamoja. Wizara ya Habari ilitaka filamu zinazoonyesha taifa zima likishika kazi moja, na ghafla mzima moto, kuli wa bandarini na msichana wa kiwandani wakawa wahusika wakuu. Katika Fires Were Started ya 1943, Humphrey Jennings aliwatumia wazima moto halisi waigize usiku wa mashambulizi ya mabomu ya London, yaliyokuwa yamepita miaka miwili hivi. Ni maigizo, lakini mikono inayoshika mipira ya maji inajua inachokifanya.

Kwa yule anayetaka kuelewa matabaka ya Uingereza, ningempa Millions Like Us, ya mwaka huohuo. Tangu Desemba 1941 wanawake wasioolewa walikuwa wakiandikishwa kwa lazima kwa kazi za vita, na filamu inawakusanya katika kiwanda cha ndege: binti wa familia ya kawaida, msomi, na Jennifer, mrembo wa tabaka la juu ambaye hajawahi kushika chombo cha kazi. Msimamizi wao Charlie, mtu wa kaskazini, anampenda Jennifer. Ungetegemea filamu ya kuwapa watu moyo iwaoze papo hapo. Charlie anakataa kutoa ahadi. Anamwambia kwamba sasa wako pamoja kwa sababu vita vinawalazimu, na anataka kwanza kuona kama vita vikiisha kila mtu atarudishwa upande wake. Swali hilo liliulizwa katika filamu iliyotengenezwa kwa baraka za serikali. Julai 1945 wapiga kura wakamweka kando Winston Churchill, aliyekuwa ametoka kushinda vita, wakampa ushindi mkubwa Clement Attlee na chama cha Labour. Wageni wengi walishangaa. Aliyeisikiliza kauli ya Charlie hakuwa na sababu ya kushangaa sana.

Huo ulikuwa ndio wakati wa kilele cha sinema. Mwaka 1946 ziliuzwa tiketi zaidi ya bilioni 1.6 katika nchi yenye watu chini ya milioni 50. Kufikia 1984 zilikuwa milioni 54 tu. Televisheni ilizichukua jioni za watu, na kuanzia miaka ya 1960 anayesoma historia ya Uingereza lazima ahesabu tamthilia za televisheni pamoja na filamu. Hapo Cathy Come Home haiepukiki. Ken Loach aliitengenezea BBC, ikarushwa tarehe 16 Novemba 1966, ikatazamwa na watu wapatao milioni 12. Ni kisa cha mume na mke vijana wanaopoteza kazi, kisha nyumba, kisha wanatenganishwa, kwa kuwa hosteli za wasio na makazi hazikuwaruhusu akina baba kulala humo. Mwishoni watoto wananyang'anywa mama yao kituoni. Mara nyingi husemwa kwamba filamu hiyo ndiyo iliyozaa Shelter, shirika la kutetea wasio na makazi lililozinduliwa tarehe 1 Desemba. Hesabu ya siku inakataa. Hakuna anayeunda shirika la kitaifa kwa wiki mbili. Maandalizi yalikuwa yanaendelea. Filamu iliwapa Shelter wasikilizaji ambao tayari walikuwa na hasira. Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunapenda kuzipa filamu uwezo wa kubadilisha nchi peke yake, tukawasahau waliokuwa wanahangaika kabla ya kamera kufika.

Victim ya 1961 inahitaji uangalifu uleule. Dirk Bogarde anaigiza wakili anayekabiliana na wahalifu wanaowatoza fedha wanaume wenye mapenzi ya jinsia moja kwa kutishia kuwaanika, wakati ambapo sheria ingewafunga. Kamati ya Wolfenden, iliyoundwa na serikali, ilikuwa imependekeza sheria hiyo ilegezwe tangu 1957. Bunge lilikubali mwaka 1967, kwa England na Wales tu. Kwa hiyo filamu iko katikati ya mjadala: ilitanguliwa na ripoti, ikawapa watazamaji sura ya mtu wa kumfikiria pale ambapo walikuwa na kifungu cha sheria.

Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1960 sinema ilihamia kaskazini. Saturday Night and Sunday Morning ilipigwa Nottingham, pamoja na ndani ya kiwanda cha baiskeli cha Raleigh; A Taste of Honey ilipigwa Salford, mji uleule wa Sally Hardcastle, ikiwa na msichana mwenye mimba ya baharia mweusi na rafiki shoga anayemtunza. Mengi ya hayo yasingepita mwaka 1936. Mwaka 1951 bodi ya ukaguzi ilikuwa imeanzisha daraja la X kwa watu wazima, na daraja hilo lilifungua mlango kwa mambo ya kweli pamoja na yale ya kutisha.

Lakini kama nafasi ingeniruhusu kuchagua filamu mbili tu za kaskazini, ningechagua mbili za eneo moja zilizopishana kwa miaka 27. Ya kwanza ni Kes ya 1969, iliyopigwa Barnsley, Yorkshire, kutokana na riwaya ya Barry Hines, mwenyeji wa huko na mtoto wa mchimba makaa. Billy Casper ana miaka 15 na anafuga kozi. Shuleni kwake hakuna anayemtegemea kufaulu, kwa kuwa baada ya sheria ya elimu ya 1944 watoto wengi walichujwa kwa mtihani wakiwa na umri wa miaka 11, na waliobaki wakaelekezwa kwenye kazi za mikono. Afisa wa ajira anamhoji kwa dakika chache. Billy anajua jambo moja tu: hataki kuingia mgodini kama kaka yake. Mwaka 1969 mgodi ulikuwa ndio hukumu, maana ulikuwa pale siku zote.

Ya pili ni Brassed Off ya 1996. Mji wake unaitwa Grimley, na kila Mwingereza alitambua kwamba ni Grimethorpe, maili chache kutoka Barnsley. Kati ya filamu hizi mbili kuna mgomo wa wachimba makaa wa Machi 1984 hadi Machi 1985, walioupoteza, na tangazo la Oktoba 1992 la kufunga migodi 31. Bendi ya Grimethorpe ilishinda ubingwa wa taifa katika ukumbi wa Royal Albert Hall siku chache baada ya tangazo hilo, na bendi hiyo halisi ndiyo inayosikika kwenye filamu. Wahusika wanapigania kuendelea kufanya kazi ambayo Billy Casper aliapa hataifanya. Anayeiona hii kama kujichanganya hajaelewa mgodi ulikuwa nini: uliua mapafu ya watu, na ndio uliolipa kodi ya nyumba, klabu, bendi na mazishi. Danny, kiongozi wa bendi, anaugua vibaya mapafu kwa vumbi la makaa huku akitetea kilichojengwa juu ya makaa hayo. Filamu ilitoka miezi michache kabla ya wahafidhina, chama cha Thatcher, kushindwa uchaguzi wa Mei 1997, na hasira yake ni ya watu waliokwisha kufanya uamuzi.

Hadi hapa nimezungumzia kisiwa. Uingereza ya karne ya 20 ilikuwa pia dola, na sisi wa Afrika Mashariki tumo kwenye mikanda yake. Katika Sanders of the River ya 1935, afisa mmoja wa Kiingereza anawatuliza Waafrika kwa busara na bunduki. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, alikubali kuiigiza akitumaini itaheshimu utamaduni wa Kiafrika. Alipoona ilivyotoka, aliikana. Miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwemo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akiishi London. Kwa hiyo kuna filamu inayofundisha kwamba Mwafrika hawezi kujitawala, na ndani yake amesimama mtu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Kenya tarehe 1 Juni 1963.

Mwaka huohuo wa 1935 ulianza mradi wa filamu za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi 1937 ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu afya, kilimo na kodi, zikazungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland, zikiambatana na maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine. Baadaye Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoundwa 1939, kilishikilia nadharia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo kila tendo lionyeshwe polepole, hatua kwa hatua. Nadharia hiyo haituelezi chochote kuhusu macho ya babu zetu. Inatueleza sana kuhusu waliowaandikia filamu.

Kisha ipo Simba ya 1955, iliyotengenezwa wakati hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952 ikiendelea. Bogarde anafika Kenya akakuta kaka yake ameuawa na Mau Mau. Earl Cameron, mzaliwa wa Bermuda, anaigiza daktari Mwafrika aliyekwama kati ya pande mbili, na anaigiza kwa hadhi kubwa kuliko mswada aliopewa. Chanzo cha vita, yaani ardhi, hakipewi uzito, na kambi za vizuizini hazimo. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228. Simba haiwezi kulaumiwa kwa kutojua ya 1959. Inabaki kuwa hati ya kile ambacho mtazamaji wa London wa 1955 aliruhusiwa kukiogopa, na kile alichoepushwa nacho.

Watu wa dola walipohamia kisiwani, maswali yaleyale yaliwafuata. Baada ya ghasia za ubaguzi za Notting Hill za 1958, Basil Dearden alitoa Sapphire mwaka 1959: msichana ameuawa, polisi wanagundua kwamba alikuwa na damu nyeusi ingawa alionekana mzungu, na kila mlango wanaoubisha unafichua chuki. Ni filamu jasiri, ila imetengenezwa na Waingereza weupe wanaowauliza Waingereza weupe. Ilibidi kungoja hadi Pressure, iliyotoka 1976, ndipo mwongozaji mweusi, Horace Ové wa Trinidad, apate kutengeneza filamu ndefu nchini Uingereza. Mhusika wake mkuu, Tony, amezaliwa London, ana vyeti vizuri, anapenda chipsi na samaki, na hapati kazi. Swali la Sapphire ni kama watu hawa wanaweza kukubalika. Tony haulizi hilo, kwa sababu hajawahi kuwa na kwao pengine.

Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi mwaka 1960, akakulia Southall, magharibi ya London. Katika filamu yake ya 2002, Bend It Like Beckham, binti wa familia ya Kisikhi anataka kucheza soka na baba yake anamkatalia. Wengi waliicheka wakaifurahia kama kisa cha wasichana na mpira. Sababu ya baba iko sebuleni: alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa kriketi, na alipofika Uingereza vilabu vilimfungia mlango. Filamu haitaji kwamba mwanzoni mwa 1968, Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walipoanza kuhama kwa wingi, Bunge la London lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia wote wasiokuwa na mzazi au babu aliyezaliwa Uingereza, ingawa pasipoti zilikuwa halali. Baba hasemi aliingia lini. Anasema tu kwamba hataki mwanawe akatazwe kama yeye alivyokatazwa.